Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili

Mwezi Juni, miti ya kando ya barabara ya Lamadi kwenda Bariadi huzaa pamba. Ni migunga na mijohoro ya kawaida tu, ila malori yanayotoka kwenye vituo vya kununulia hupita yamejaa mpaka turubai linavimba, na kila tawi lililoinamia lami hunyofoa kishada chake. Kutoka Lamadi, pale barabara ya Mwanza na Musoma inapopita kati ya Ziwa Victoria na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, hadi Bariadi mjini ni kilomita 72 hivi. Abiria aliyekaa dirishani anaweza kuusoma msimu mzima kwenye matawi hayo. Yakiwa meupe, mkulima ameshapima. Mkulima akishapima, na hela ikatoka, Usukuma inacheza.

Ngoma ndiyo iliyonipeleka Sapiwi. Hii ni moja ya kata za Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, nchi ya Wanyantuzu, ndio Wasukuma wa upande huu wa mashariki. Mtalii anayekwenda Serengeti huupita mkoa huu akiwa amelala, akaamka langoni. Simiyu yenyewe ni mkoa mchanga, ulimegwa kutoka Shinyanga Machi 2012, lakini si mdogo: sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na kwa mifugo haupo nyuma. Mtu wa Bariadi akitaka kukueleza utajiri wa jirani yake hakutajii gari wala nyumba. Anakwambia ng'ombe wake wakitoka zizini asubuhi, wa mwisho hutoka jua limeshapanda.

Miji ya hapa imejitawanya. Kila familia iko katikati ya mashamba yake, imezungukwa na boma la minyaa, ule mmea wenye utomvu mweupe ambao ng'ombe hausogelei. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipopita mkoani Shinyanga, watu walihamishwa wakapangwa kwenye mistari iliyonyooka kando ya barabara. Baadaye wengi walirudi kidogo kidogo kwenye minyaa yao, na leo ukisimama juu ya moja ya vilima vya mawe vya huku unaona vile vile: nukta za kijani kibichi, paa za bati, mbuyu hapa na pale, na kihenge kimoja au viwili kwa kila mji. Kihenge ni ghala la nafaka la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, limekaa juu ya mawe ili panya na mchwa wapate taabu, na limevikwa kofia ya nyasi. Unapotaka kuchota mtama unaiinua kofia kwa mti, unaingia kwa juu.

Mji wa kwanza nilioingia ulikuwa wa bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya jiwe pana, akikata viazi vitamu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka mingi, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu."

Hapo salamu haijaisha. Inafuata habari ya nyumbani, ya watoto, ya mvua za huko utokako, ya ng'ombe, na mgeni anayekimbilia shida yake kabla ng'ombe hawajaulizwa anahesabiwa hana malezi. Kisu cha bibi hakikusimama muda wote huo. Vipande vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani huitwa michembe. Viazi vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kukaushwa, hayo ni matobolwa. Michembe huchemshwa miezi ya njaa, ikichanganywa na karanga au maziwa. Matobolwa unatafuna hivi hivi njiani. Nilipewa konzi moja, na kwa maoni yangu ni chakula bora cha safari kuliko biskuti zote zinazouzwa stendi.

Pembeni yake palikuwa na kibuyu cha kusukia maziwa, kimepata ufa wa urefu wa kidole. Mjini kingetupwa. Bibi alitia msumari kwenye makaa, akatoboa vitundu pande zote mbili za ufa, kila kimoja kikitazamana na mwenzake, kisha akaanza kupitisha uzi aliofumua kwenye gunia la katani. Alikuwa hakazi kwa pupa. Anapitisha, anavuta mpaka kingo zinagusana, anasikiliza. Ukikaza sana kibuyu hulia, na kikilia ujue kitaongeza ufa mwingine. Mshono ulipofika mwisho aliuziba kwa nta, akajaza maji, akakitundika. Halikudondoka tone. Vibuyu vya zamani mjini kwake vilikuwa na mishono mitatu, minne, na vyenye mishono mingi ndivyo anavyovipenda zaidi, kwa sababu, alisema, vimeshajua kutunza siagi.

Kazi za mikono za Usukuma ziko hivyo, hazijitangazi. Wahunzi wa zamani waliofahamika sana ni Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma upande wa Geita. Majembe yao yalitembea nchi nzima, yakatumika hata kuongezea mahari. Siku hizi mhunzi anafua chuma chakavu, springi ya gari ikigeuka kisu, na bati nene likigeuka njuga. Isumbi, kigoda cha mti mmoja chenye miguu mitatu, bado kipo karibu kila nyumba, na mtemi alikuwa na cha kwake chenye egemeo. Chini ya mti wa kivuli utakuta isolo, bao la Kisukuma, limechimbwa ardhini, kete zake mbegu au kokoto. Hakuna duka la vinyago wala kitu kinachoitwa "sanaa". Mtu anatengeneza kwa kuwa anahitaji, jirani akiona kizuri anaagiza chake.

Kinachojitangaza ni ngoma.

Saa tisa alasiri pikipiki yenye spika ilipita kwenye njia za ng'ombe ikipiga kelele kwa Kisukuma: leo Wagika na Wagalu wanakutana, kila mtu aje na macho yake. Ilipofika saa kumi njia zote zilikuwa na watu. Vijana walikuja na baiskeli zilizopambwa kwa maua ya plastiki, wanawake na watoto migongoni, wazee na fimbo zao. Uwanja ulikuwa shamba lililokwisha kuvunwa. Kundi moja lilikaa upande wa mbuyu, jingine upande wa machweo, na kati yao palibaki nafasi ambayo mtu angeweza kuivuka kwa kukimbia kabla wimbo haujaisha. Kila upande uliwasha moto wa mabua. Mpiga ngoma huielekeza ngozi kwenye ndimi za moto, anaigonga kwa vidole, anaigeuza, anaigonga tena. Ngozi ya ng'ombe ikiwa na ubaridi hutoa sauti nzito iliyolala. Ikishapata moto sauti husimama, na mzee aliyekuwa karibu nami alijua kwa kusikia tu kwamba Wagalu watatangulia kuwa tayari.

Kisha wakaanza. Makundi yote mawili, kwa wakati mmoja.

Mgeni wa mambo haya hudhani amekosea. Kule tulikozoea kundi moja hupanda jukwaani, linacheza, linapigiwa makofi, linashuka, linapanda jingine. Huku ngoma mbili hupigwa katika uwanja mmoja, saa moja, kila moja ikijaribu kuifunika nyingine, na mtazamaji yuko huru kwenda anakopenda. Hakuna kadi za alama. Wingi wa watu ndio hukumu. Ukichoshwa na wimbo huku, unavuka kwenda kule, na mguu wako umeshapiga kura.

Masimulizi yanaurudisha mgawanyiko huu karne ya 19, kwa waganga wawili waliokuwa pia wachezaji, Ngika na Gumha. Walibishana nani ana dawa kali kuliko mwenzake, wakaamua kushindana kwa ngoma: atakayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu. Tangu hapo kila kundi la ngoma Usukumani, liwe la kulima, la nyoka au la mapenzi, lina upande wake. Upande haurithiwi kwa damu moja kwa moja, lakini mtoto aliyekulia kwa Wagalu akihamia kwa Wagika, baba yake atalisikia jambo hilo kilabuni mpaka achoke. Dawa ya kuvuta watu wanaiita samba, na kila kundi kubwa lina mtu wake wa kuishughulikia. Sikuonyeshwa, wala sikuomba. Nilichoona ni kwamba hata anayeicheka samba mchana, jioni akishindwa huanza kuulizauliza mganga wa wenzake ametoka wapi.

Nguzo ya kundi ni ningi, yaani manju wao. Ndiye anayetunga, anayeanzisha, na anayepokewa na wenzake. Wa upande wa mbuyu alipanda juu ya jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba, amevaa kofia ya manyoya na miwani ya jua, mkononi mgwisho wa mkia wa ng'ombe. Aliimba juu ya mizani ya pamba inayopungua uzito ikishikwa na watu fulani, akawataja kwa mafumbo, na watu fulani bila shaka walikuwepo wakisikiliza. Akaimba juu ya mwanamume aliyeuza dume la kulimia ili anunue simu. Halafu akamgeukia mpinzani wake, akaimba namna alivyovaa. Umati ukacheka hadi watu wakakaa chini. Mwenzake wa upande wa pili, aliyekuwa anasikia kila neno, hakujibu mara moja. Alisubiri ngoma zake zipande, kisha akatunga papo hapo majibu marefu kuhusu mtu anayevaa miwani jua likizama.

Ningi mzuri hulipwa, hualikwa mbali, na hukumbukwa akishakufa. Mcheza ngoma mashuhuri kuliko wote katika kumbukumbu za Wasukuma ni Ng'wanamalundi, aliyefariki miaka ya 1930, ambaye inasimuliwa kwamba alinyoosha kidole mti ukakauka umesimama. Kila wilaya ina mti wake wa kukuonyesha.

Turudi uwanjani, maana mambo yalikuwa yamegeuka. Wagika walileta sanduku la mbao. Kijana mmoja alilizunguka mara kadhaa akicheza, akalipiga teke, akalifungua, akaibuka na chatu mnene kama paja la mtu, akamvisha shingoni. Nusu ya watu wa Wagalu walihama mbio. Vumbi lilipotulia, upande wa machweo ulikuwa umebakiwa na wazee, watoto waliopotezana na mama zao, na wapenzi wa damu.

Ngoma ya nyoka haikuanza kama kiini macho. Usukumani palikuwa na vyama vya siri vya wenye ujuzi: Bayeye, washika nyoka, Bayege, wawinda tembo, Banunguli, wawinda nungunungu. Nungunungu anaonekana jambo dogo mpaka umwone shambani akila viazi na karanga za msimu mzima kwa usiku mmoja. Bayeye walijifunza dawa za kuumwa na nyoka, wakapokea wanafunzi kwa viapo na mafunzo, na mtu aliyeumwa alikimbizwa kwao kabla zahanati hazijajulikana. Nyimbo zao zilikuwa mtihani na kitabu cha mafunzo kwa pamoja. Uwindaji wa tembo umebaki kwenye nyimbo tu. Serengeti iko jirani na sheria inajulikana. Chatu amebaki kwenye sanduku, na chama ambacho zamani kilikuwa kikiokoa maisha sasa kinagombea umati.

Wagalu walijibu kwa mdoli. Alikuwa wa mti, mrefu karibu kama mtoto wa darasa la kwanza, viungo vyake vimeunganishwa kwa vigingi na kuchezeshwa kwa kamba na mtu aliyelala nyuma ya pazia la magunia. Wachonga vinyago wa Kisukuma hawakuchonga ili vikae kabatini. Walichonga ili vicheze uwanjani, mikono na magoti yapinde. Mdoli huyu alivaa shati la mikono mirefu, kalamu mfukoni, na mbele yake palining'inizwa mizani. Ni karani wa pamba. Kila mkulima wa maigizo alipoweka gunia lake, karani alitazama huku na huku, akainua goti taratibu, akalitumia kuinua gunia kutoka chini. Kelele zilizotoka hapo sijawahi kuzisikia hata kwenye mechi ya Simba na Yanga. Watu walirudi. Wengine walimwacha chatu katikati ya wimbo. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nami upande wa nyoka alinishika mkono akanivuta, "twende, huyo namjua!"

Pamba ndiyo iliyoifanya ngoma nyingine ya Kisukuma kuwa maarufu nje ya Usukuma. Bugobogobo ilianza kama kazi: vijana wa jirani wanakusanyika, mpiga ngoma anasimama mbele yao shambani, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na mwenye shamba anawalipa kwa chakula, pombe au ng'ombe wa kuchinja. Kabla ya hapo mababu zao walikuwa wapagazi wa misafara ya karne ya 19 iliyoshuka hadi Bagamoyo, nao walitembea kwa nyimbo. Zao la pamba liliposhamiri wakati wa Waingereza, heka ziliongezeka, palizi ikaongezeka, na vikundi vya kulima navyo. Miaka ya 1950, wakulima walipoungana chini ya uongozi wa Paul Bomani na kuunda mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ushirika ukaingia kwenye nyimbo za jembe, na baada ya uhuru akaingia Nyerere. Msomi wa Kimarekani Frank Gunderson amezikusanya nyingi katika kitabu kinene kilichotoka 2010, na mtu yeyote anayedhani historia ya Tanzania imeandikwa kwenye magazeti peke yake angefaidika kukisoma.

Leo bugobogobo inafundishwa Bagamoyo katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na vikundi vya harusi Dar es Salaam vinaicheza na majembe ya kuchonga, mepesi. Wanarusha jembe juu, linazunguka, wanalidaka. Sapiwi nililiona jembe la kweli likirushwa, la chuma, lenye makali yaliyolika kwa mawe, na aliyelidaka hakuwa akitabasamu kwa ajili ya kamera.

Jua lilipogusa vilima ngoma zilikoma zenyewe, na mabishano yakaanza. Wagika walisema umati wao wa saa kumi na moja ndio uliokuwa mkubwa kuliko wote. Wagalu walisema wa mwisho ndio unaohesabiwa. Wazee wawili, mmoja wa kila upande, walitembea mpaka katikati, wakazungumza chinichini, wakarudi kila mmoja akiwatangazia watu wake ushindi.

Kuna njia ya pili ya kuyaona mambo haya, iliyo rahisi zaidi kwa mgeni. Ni Bujora, Kisesa, wilayani Magu, pembeni mwa barabara kuu muda mfupi baada ya kutoka Mwanza. Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliunda huko mwaka 1954 kamati ya kutafiti mila za Wasukuma, na mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Kanisa lake ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Kwenye viwanja vya makumbusho kuna nyumba ya mganga, ya mhunzi, banda la ngoma lenye sehemu ya Wagika na ya Wagalu, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, ndani yake zimewekwa ngoma za watemi zilizokusanywa kutoka himaya mbalimbali. Ngoma hizo ziliachwa bila kazi rasmi pale sheria ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, na nyingi zingeliwa na mchwa kama padri yule asingekuwa na tabia ya kuokota.

Clement alifanya jambo jingine la kijanja. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo Papa Urban wa Nne aliiweka kwenye kalenda ya Kanisa mwaka 1264, huangukia Mei au Juni, ndipo Usukuma inapomaliza mavuno na kuanza kutafuta sababu ya kucheza. Aliiunganisha na mashindano ya ngoma. Ikazaliwa Bulabo, sikukuu ya maua: asubuhi maandamano ya Ekaristi, kisha kwa siku nyingi Wagika na Wagalu uwanjani. Wakatoliki wa visiwa vya Ureno katika Atlantiki, Madeira na Azores, husherehekea sikukuu hiyo hiyo kwa kutandika mazulia ya maua barabarani ili maandamano yapite juu yake.  Ni mazuri kutazama. Lakini zulia la maua halina mpinzani, haliwezi kushindwa. Clement aliwaachia Wasukuma nafasi ya kushindana, na nadhani ndiyo sababu Bulabo imedumu zaidi ya aliyeianzisha, aliyefariki 1986.

Serikali nayo imeuona uwanja. Tarehe 8 Septemba 2021, kwenye tamasha la utamaduni pale Kisesa, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mkuu wao kwa jina la Hangaya. Kishapu, mkoani Shinyanga, utemi wa Busiya una tamasha lake la Sanjo kila Julai huko Ukenyenge. Bariadi penyewe, kwenye viwanja vya Nyakabindi, yalifanyika maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020, na vikundi vya ngoma vilipata kazi ya kutosha.

Mimi sina ugomvi na matamasha. Yanalipa, yanawapa vijana sare mpya, na mtoto wa mjini anapata kujua kwamba kabila la mama yake si utani wa mitandaoni tu. Ila kitu kimoja hupotea njiani. Kwenye tamasha kundi hupewa dakika kumi mbele ya mgeni rasmi, huku umati umekaa kwenye viti umefungiwa na kamba. Ningi haimbi mizani, anaimba miradi. Chatu hutolewa, mgeni rasmi anapigwa picha akiwa amejitenga kidogo, chatu hurudi. Hakuna anayeweza kuvuka uwanja kwenda upande wa pili. Ngoma iliyojengwa juu ya hofu ya kukimbiwa na watu inachezwa mbele ya watu wasioweza kukimbia, na wachezaji wenyewe wanajua. Ukiwatazama usoni kule Sapiwi na ukawatazama kwenye luninga, si watu wale wale.

Nisiipambe Sapiwi nayo kupita kiasi. Ngoma zikiisha, giza likiingia, vijana wana desturi inayojulikana kwa jina la chagulaga: binti anazingirwa njiani na kundi la wavulana, anaambiwa achague mmoja, na haruhusiwi kupita mpaka achague. Wazee husimulia kwamba zamani palikuwa na binamu na kaka waliomlinda, na lilikuwa jambo la maneno na vicheko. Mabinti niliowasikia hawalizungumzii kwa vicheko. Wanatembea makundi makundi, wanaondoka kabla wimbo wa mwisho haujaisha, yaani kabla ya sehemu tamu kuliko zote. Viongozi na polisi wameipiga vita mara nyingi. Jioni ile niliwaona akina mama watatu wenye fimbo wakiwasindikiza watoto wao wa kike hadi nyumbani, na hakuna mvulana aliyesogea.

Kesho yake, stendi ya Bariadi, nilikuta ngoma imeamka kabla yangu. Vibanda vya simu vilikuwa vinaingiza nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu na flashi: Bhudagala, Nelemi Mbasando, na wengine wa gitaa na kinanda ambao video zao zinatazamwa na Wasukuma waliohamia Mbeya, Morogoro hadi Lindi wakifuata malisho. Kijana wa kibanda aliniuliza nataka mia moja za Wagika au za Wagalu. Nilimwambia changanya. Alisita, akaniangalia vizuri, akauliza kwa heshima kama mimi ni mgeni huku.

Anayetaka kwenda mwenyewe asitafute ratiba. Aende baada ya soko la pamba kufunguliwa, kati ya Juni na Agosti, apande basi la Bariadi kutoka Mwanza kupitia Lamadi, na akishuka aulize waendesha bodaboda wiki hii wanapambana wapi. Wao ndio wanaobeba spika za matangazo, wanajua. Abebe maji, koti la jioni, na hela ndogondogo za kumtunza ningi, kwani noti kubwa inayosubiri chenji uwanjani hutungiwa wimbo. Aulize kabla ya kupiga picha nyoka na mganga. Na atakapoulizwa yuko upande gani, ajibu haraka, wowote, kisha asimame huko mpaka atakapovutwa mkono.